Mpishi wa wazazi anayeuogopa mtori wake

Saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka Sanya Juu, Hilaria anachota kijiko cha nne cha mtori na kukitazama kama mtoto anayetazama dawa chungu. Anakimeza. Kisha anaangalia saa ya ukutani, halafu mlango wa nyuma, halafu saa tena. Choo kiko hatua ishirini na mbili kutoka jikoni; amezihesabu.

"Nusu saa ikipita salama, leo nimeshinda," anasema, huku jasho likimtoka.

Kwa miaka 19, mama huyu mwenye umri wa miaka 54 ameitwa kupikia wanawake waliojifungua, kuanzia Siha hadi Shirimatunda. Humpikia mzazi mtori, yaani ndizi mshare zilizopondwa pamoja na nyama ya mifupa, mafuta ya figo yakielea juu. Na huku mlimani anayekuletea bakuli hutangulia kuonja mbele yako, kama ilivyo kwa mbege, pombe ya ndizi. Mpishi asiyeonja ana jambo.

Agosti iliyopita aliondolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Muuguzi alimweleza vizuri: nyongo sasa haina pa kutunzwa, inadondoka kidogo kidogo, kwa hiyo mafuta mengi kwa mpigo yatamkimbiza chooni. Ale kidogo, mara nyingi, na mafuta ayarudie taratibu.

Lakini nyumbani wifi zake walishakubaliana kwamba mwanamke aliyepasuliwa tumbo ni mzazi, awe na mtoto au asiwe naye. Wakamlaza, wakamletea mtori wenye mafuta unene wa vidole viwili.

"Nilijua ni makosa. Ila utakataaje chakula ambacho miaka yote umewaambia watu kinarudisha nguvu?"

Alimaliza bakuli zima. Kwa siku tatu makazi yake yakawa chooni.

Tangu hapo anaogopa. Zamani alipikia wazazi wanne au watano kwa mwaka. Baada ya upasuaji amempata mmoja tu, na wiki haikuisha Hilaria akaambiwa arudi nyumbani kwake.

"Mama wa yule binti aliniuliza, 'Mbona huonji? Umeweka nini humu?' Nikaona aibu kusema habari za choo."

Sasa ni zamu ya bintiye. Digna, 26, atajifungua Februari na kulelewa nyumbani kwa mama mkwe wake, Elisifa, ambaye ameshatuma neno: asiyeweza kuonja akae kwake, atatafutwa mpishi mwingine.

"Nimewalea wa watu," anasema Hilaria. "Wangu alelewe na nani?"

Digna, aliyeketi karibu akimenya ndizi, anaingilia. "Mama, mzazi si ni mimi? Bakuli langu usiweke mafuta, tuonje wote hilo hilo."

"Na maziwa yatatoka wapi?" mama anamaka.

"Kwa kula vizuri na kunywa maji. Kliniki wametuambia."

Hilaria hajashawishika. Ila walishapatana nusu kwa nusu: mafuta kijiko kimoja kwa bakuli, naye kila wiki ajiongezee kijiko cha mtori, hadi aweze kuonja bila kukimbia.

Dakika ya ishirini na sita tumbo linanguruma. Anasimama, anashika kitasa, anasikiliza. Digna ameacha kumenya. Baadaye mama anarudi kukaa, polepole.

"Februari naenda, na nitaonja mbele ya Elisifa," anasema. "Nimemwomba jambo moja tu: choo chake asikifunge."