Aliyeogopa Maji Kuliko Kifo

Simu ilinikuta kwenye foleni ya benki hapa mjini Eldoret, asubuhi ya Jumatatu yenye manyunyu. Aliyepiga ni kocha mmoja ninayemfahamu, mtu asiyependa kuzungusha maneno. "Mwandishi, pole. Yule mkandaji wetu ametuacha jana." Swali langu la kwanza halikuwa aliugua nini, wala ameacha watoto wangapi. Nilimwuliza amefia wapi. Akaniambia amefia kwake, mtaa wa Kimumu, kitandani, alijilaza baada ya kutoka kanisani na moyo ukasimama. Nami, mbele ya foleni nzima, nikasema kwa sauti, "Ashukuriwe Mungu!" Kocha akaniuliza kama nimemsikia vizuri. Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka akanitazama vile watu wanavyomtazama mlevi wa asubuhi. Nilikuwa nimemsikia kocha vizuri kabisa. Wewe msomaji wangu wa siku zote, unayenijua kwa ukali wa kalamu lakini si kwa kushangilia misiba, nivumilie nikueleze kwa nini nilisema hivyo.

Marehemu na mimi hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana tu, vile watu wa mji mmoja wanavyojuana: salamu barabarani, chai mara moja moja, na utani usioisha. Alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, akaja Eldoret akiwa kijana kutafuta kazi, akabeba magunia ya mahindi kabla ya kujifunza kukanda misuli ya wanariadha. Ni wachache mno kati ya wakimbiaji wetu wenye majina ambao miguu yao haikupita mikononi mwake. Mkandaji husikia mambo ambayo hata kocha hayasikii, kwa sababu mtu akilala kifudifudi maneno humtoka bila kuulizwa. Vijana wetu, hao hao mnaowaona kwenye televisheni wakikata utepe kwa tabasamu, walimwambia wanavyoogopa kuumia, wanavyoogopa kushindwa, wanavyoogopa kurudi nyumbani mikono mitupu na ukoo mzima unawangoja. Yeye hakuwaambia wasiogope. Alikuwa na msemo wake mmoja: "Ogopa, lakini usikaze." Alieleza kwamba msuli ukikazwa na hofu ndipo unapochanika, na akawa anausema msemo huo kwa kila aliyelala mbele yake, bingwa na chipukizi.

Sasa, kuna mbio za marathoni katika mji mmoja wa pwani ya Vietnam ambazo baadhi ya vijana wetu walialikwa. Yeye akaenda kama mkandaji, mimi nikafuatana nao kama mwandishi. Mbio zilikwisha salama. Kesho yake wenyeji wetu, kwa ukarimu wao, wakatuandalia matembezi ya mashua za jadi pamoja na wavuvi wa hapo. Sijui nilitarajia nini, ila nilipoziona nilirudi nyuma hatua mbili. Mashua zenyewe ni vikapu! Kikapu cha mviringo cha mianzi iliyosukwa, mfano wa ungo wa kupepetea mahindi uliokuzwa na kupewa kina mpaka watu wanne wakaenea. Hakina mbele wala nyuma, na kinaendeshwa kwa kasia moja. Msichana aliyetuongoza, ambaye Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu, alieleza kwamba wazee wake hupaka vikapu hivyo mavi ya ng'ombe na utomvu wa mti ili maji yasipenye. Mimi nimekulia kwenye nyanda hizi za juu, ambako maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa josho la ng'ombe. Mavi ya ng'ombe nayaheshimu kama dawa ya sakafu ya nyumba ya mama yangu. Kunikinga na bahari, hapana. Nikaangaza huku na huku, nikamwona mkandaji wetu amesimama pembeni kimya, na wazo la mtu wa milimani likanijia: huyu ni mtu wa ziwa, nitapanda naye. Sisi huku juu tunaamini kila aliyezaliwa karibu na ziwa aliogelea kabla ya kutambaa. "Leo wewe ndio kocha wangu," nilimwambia. "Hapa si ni kama home kwenu?" Alikuwa anafunga upya kamba za jaketi la kujiokolea, ambazo tayari zilikuwa zimembana hadi kupumua kukawa kazi.

Tulipanda watu wanne: mimi, yeye, yule msichana, na mvuvi mwenyewe, mama wa makamo mwenye kofia pana ya majani, aliyesukuma kasia kama anayesonga ugali. Mwanzo tulipita kwenye kijito kilichozibwa pande zote na miti inayofanana na minazi, iliyoota ndani ya maji. Palikuwa na kivuli, na maji yalikuwa meusi hata sikuweza kujua kina chake. Niliogopa weusi huo kuliko kitu chochote nilichokiona safarini. Mbele kidogo kijito kikafunguka kuelekea baharini, wavuvi wakatuonyesha wanavyorusha nyavu, na mmoja akaanza kuzungusha kikapu chake kama pia ya watoto ili kuwachekesha wageni. Vijana wetu wakapiga kelele za furaha. Mara boti ya injini ikapita karibu, mawimbi yakaja, kikapu chetu kikalala upande wangu na maji ya chumvi yakanimwagikia mapajani. Nilipiga ukelele ambao sitauandika hapa. Mkono wa mkandaji ukanikamata kifundo cha mkono, na ule mkono uliozoea kulegeza watu ulibana kama koleo.

"Unajua kuogelea, sivyo?" nikamwuliza.

"Sijui."

"Aje hujui? Wewe si ni mtu wa lake?"

"Ndugu yangu, mimi tangu niwe mtoto sijawahi ingia maji ya kupita goti."

Hofu niliyokuwa nayo hapo kabla ilikuwa ya mchezo. Sasa ikanishika ya kweli. Nilikuwa nimemtegemea mtu ambaye, kama alivyonieleza baadaye, naye alikuwa amenitegemea mimi, akidhani mwandishi aliyezunguka nchi za watu lazima amejifunza kuogelea huko mahotelini. Yule mama akasema maneno ya haraka, msichana akatafsiri: tusivute ukingo, tusikakamae, tukikakamaa sote upande mmoja tutapinduka. Nikamgeukia mwenzangu nikidhani namsaidia. "Ogopa, lakini usikaze," nikamwambia. Akanitolea macho. "Wewe nyamaza. Hiyo ni ya watu wa kulala kwa meza, si ya hapa." Naam, hata mimi nisingetaka kuhubiriwa mahubiri yangu mwenyewe katikati ya maji.

Mvuvi alituvuta akaturudisha chini ya ile miti, akasimamisha kikapu, akauliza, kupitia kwa msichana, huyu mgeni anaogopa nini hasa, maana mawimbi yalikuwa yamekwisha naye bado alikuwa anatetemeka. Mkandaji akasimulia, macho yakiwa chini. Baba yake alikuwa mvuvi. Siku moja mashua ilirudi ufukweni ikiwa imepinduka, bila yeye, na wakamtafuta mpaka wakakata tamaa. Kwao mtu asiyepatikana haachwi hivi hivi, kwa hiyo wazee wakaenda wakakata tunda la mti wanaouita yago, tunda refu na zito linaloning'inia kama mkono wa mtu, wakalifunika shuka, wakachimba kaburi wakalizika kwa vilio kama maiti. Yeye akiwa mtoto wa kwanza ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. "Mama alilia juu ya tunda," alisema. "Na mpaka wa leo, mbwa akibweka usiku, yeye huuliza kama ni mzee amerudi. Mimi kufa siogopi. Naogopa watoto wangu wakose mtu wa kuzika." Msichana alisita kabla ya kutafsiri, kama mtu asiyejua aanzie wapi.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akalaza kasia magotini. Alisema kwamba anatoka kisiwa kilicho mbali kidogo, kusini mwa pale tulipokuwa. Huko kwao bahari ikikataa kumrudisha mtu, wanafinyanga mwili wa udongo, wanatia vijiti vya mti badala ya mifupa, wanauvika nguo za marehemu na kuuzika. Mume wake amelala kaburini namna hiyo. Watu wawili wasioelewana lugha, waliotenganishwa na bahari nzima, wamezika kitu kisicho mtu na kukililia kama mtu. Mkandaji akamwuliza swali ambalo hata mimi lilikuwa linanitoka: na bado unaingia majini? Jibu lake lilikuja kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya samaki. "Naogopa kila asubuhi. Siku nikiacha kuogopa, nitabaki nyumbani." Nisikudanganye kwamba mwenzangu alitulia. Alitetemeka hadi mguu wake ulipogusa ardhi, akaenda nyuma ya mti akatapika, na jioni hakula.

Lakini ndani ya ndege tukirudi, aliniambia neno ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Nikienda mimi kwanza, wasinifunge kwa sanduku kabla mama hajaniona. Huyo mama alizika tunda. Asizike mbao." Nikamwambia awaambie watoto wake. Akasema anaogopa kuwatia uchuro. Nami nikacheka kidogo, tukaagiza chai.

Nimelifikiria sana jambo hili la hofu tangu hiyo Jumatatu. Mji wetu unaishi kwa miguu ya mashujaa. Makocha hawataki kulisikia neno kuogopa, wazazi wanawakemea watoto wanaolia, na mwanamume akikiri kwamba moyo unamdunda, mezani atafanywa kichekesho mpaka chai ipoe. Wakati ule wa machafuko baada ya uchaguzi, marehemu aliondoka mapema na watoto wake, siku ambayo majirani bado walikuwa wanasema hakuna kitakachotokea. Walimcheka alipokuwa anafunga magodoro. Miaka mingi baadaye, tukienda Nakuru kikazi, tukifika Burnt Forest, palipochomwa nyumba nyingi wakati huo, alikuwa akiinamisha kichwa mpaka tuupite mji, na mimi sikumwuliza kitu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Ninayoyaogopa mimi siku hizi si machafuko tu. Naogopa watu wanaobeba hofu zao kimya hadi kaburini, na wanaobaki nyuma wasijue marehemu wao walitaka kufanyiwa nini.

Jumamosi tulimpeleka kwao. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, gari la maiti likakwama kwenye tope, viongozi wakahutubu kuliko walivyoombwa, na saa ya mazishi ikapita. Mchungaji akatangaza kwamba kwa sababu ya hali ya hewa sanduku halitafunguliwa tena, waliokosa kumtazama asubuhi watamwona mbinguni. Nikamtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa ameketi chini ya turubai la nyuma, ajuza aliyepofuka kwa uzee. Nilipowauliza wajukuu, waliniambia hakupelekwa asubuhi kwa sababu haoni, wakaona watamsumbua bure. Vijana walikuwa tayari wameshika kamba za kushushia sanduku.

Naomba unielewe nilivyokuwa. Mimi ni mgeni pale, si wa ukoo wao, si wa kabila lao, na wazee wa boma walikuwa wamekaa mstari wa mbele na fimbo zao. Kumkatiza mchungaji kaburini si jambo dogo popote katika nchi hii. Niliogopa vile vile kama kwenye kile kikapu. Nilingoja mtu mwingine aseme, na hakuna mwingine aliyekuwa na la kusema, kwa sababu marehemu alikuwa ameniambia mimi tu. Nikasimama. Sikumbuki maneno yote, ila nakumbuka nilianza hivi: "Wazee, naogopa kusema hili." Kisha nikawaeleza habari ya mashua, na tunda, na alichoniomba. Mvua iliendelea kupiga turubai. Mzee mmoja akagonga fimbo chini mara moja, akasema, "Fungueni."

Wajukuu walimleta bibi yao wamemshika huku na huku. Hakuomba maelezo. Aliinama, akapapasa uso wa mwanawe, masikio, shingo, akashuka hadi kwenye ile mikono iliyolegeza miguu ya nusu ya mji wetu, akaishika yote miwili na kukaa hapo muda mrefu bila mtu kumharakisha. Msomaji, kama kuna unachokiogopa, mwambie mtu maadamu yupo wa kukusikia, maana hofu iliyosemwa inaweza kufanyiwa kitu. Mama hakulia. Alipoinua kichwa alisema maneno machache kwa Kijaluo, na aliyesimama karibu nami akanitafsiria kwa kunong'ona.

"Huyu nimemshika."