Beseni Tupu la Pierrette

Huko Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, mwanamke akionekana asubuhi anatembea mikono mitupu, huulizwa papo hapo ni nani amekufa. Ndiyo maana Pierrette, tangu alipoambiwa kliniki kwamba presha yake imepanda na atembee nusu saa kila siku, alikuwa akitoka alfajiri na beseni kichwani. Ndani yake hamkuwa na kitu. Alikwenda upesi upesi hadi mwisho wa vichanja vya samaki, akageuka, akarudi, na waliomwona walidhani anawahi wavuvi.

Hakumwambia mtu. Kikundi chao cha wauza samaki kilikuwa karibu kuchagua wa kuvuka ziwa Jumamosi kununua samaki upande wa Kongo, na Chouchou, mkubwa wa kikundi, hapeleki mgonjwa. Mwaka jana mwenzao Marlène, aliyeficha ugonjwa wake, alianguka ndani ya boti. Tangu hapo anauza nyanya.

Kisha akaja Thelma, msichana wa utafiti, aliyetaka kujua kama maswali yake kuhusu kutembea hupata majibu ya kweli. Alimvalisha Pierrette kiunoni kifaa kidogo cha kuhesabu hatua. Baada ya wiki akarudi, akaketi naye kwenye benchi, akamuuliza: katika siku hizi saba, ni ngapi alitembea kwa ajili ya mazoezi?

Chouchou alikuwa hapo karibu, akipasua samaki.

"Hata moja," Pierrette akasema.

Thelma akatazama kifaa, akatazama karatasi. Hakuwa mtu wa kumuumbua mwenzake. Akasema kwa upole kwamba majibu na hesabu havilingani, kwamba pengine watu wa hapa hawalielewi swali hilo; ataandika hivyo, liondolewe.

Pierrette akasimama, akakaa, akasimama tena. Swali alikuwa amelielewa tangu siku ya kwanza, na sasa lilikuwa linasingiziwa kwa ajili yake.

"Usiliondoe," akasema. "Andika siku saba. Niko na presha. Dokta ndiye alisema nitembee."

Kisu cha Chouchou kikatulia. "Na ile beseni ya kila asubuhi?"

"Tupu."

Chouchou akataka kujua kifaa kimesema nini. Pierrette alipoitikia kwa kichwa, Thelma akasoma: kila alfajiri nusu saa, bila kupumzika hata mara moja. Chouchou mwenyewe hupumzika mara mbili kabla ya kufika sokoni, na hakuna asiyejua.

"Marlène alinificha," Chouchou akasema. "Weye umesema. Jumamosi utavuka, lakini utaikala katikati ya boti, na dawa mu mukono."

Kesho yake Pierrette alitoka bila beseni. Hakujua mikono aiweke wapi. Mara aliifunga kifuani, mara aliiacha ining'inie. Hajafika nyumba ya tatu, mtu akamwita mlangoni, akamuuliza msiba uko kwa nani.

"Hakuna msiba," akajibu bila kusimama. "Niko natembea tu."