Kifuniko Chini ya Jiko la Mihogo

Nakumbuka adhuhuri moja pale Chumbageni, nami niko kidato cha tatu, sauti yangu ikisikika kuliko za wanaume. Naikumbuka kwa sababu jana ulinijia na simu unacheka, unanionyesha picha ya video, watu wakiwazomea askari wa zimamoto: "Faya hao, wameleta gari, maji wameyasahau kwao!" Nimekasirika, sikufichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Weka simu chini, mwanangu, unisikilize.

Bibi yako alikuwa akikaanga mihogo nje ya nyumba yetu. Pale pa kuweka jiko palikuwa na kifuniko cha chuma kilichoinuka, jiko likawa linayumba. Akaniambia nipasawazishe. Nikamwaga kifusi, nikashindilia, nikapiga saruji juu, kwa mikono yangu hii. Nilijua ni tundu la maji ya zimamoto, maana niliwahi kuwaona faya wakilikagua. Nikajisemea, kwani moto wenyewe uko wapi?

Miezi haikupita mingi, adhuhuri ile moto ukaja nyumba ya tatu, kwa Bi Mize, ajuza wa Kipemba aliyetupikia uji wa mchele kila tulipougua. Ulianzia jikoni, ukapanda darini. Faya walifika, wakamwaga maji ya gari, yakaisha. Usishangae. Maji ya tangi lile hayachukui muda kuisha, ndiyo maana matundu yale yakachimbwa. Askari mmoja akawa anazunguka, anagonga ardhi kwa mtaimbo.

"Jamani, palikuwa na kifuniko hapa. Nani anakijua?"

Mwanangu, nilikuwa nimesimama juu yake, kando ya jiko la mama.

Niliogopa mama atafungiwa biashara. Nikapaza sauti: "Mmekuja bila maji, sasa mnatafuta kisingizio!" Mtaa mzima ukaitikia. Nyani haoni kundule. Jiwe likarushwa, likampata yule askari begani. Hakugeuka hata kutazama. Aliuliza tu, "Ndani kuna mtu?"

"Bi Mize yumo," mama akajibu, analia.

Akaingia. Mpira wa maji mtupu, dari linaanguka, na hakumjua yule bibi hata kwa sura. Alipotoka alikuwa amembeba, amemfunika kwa koti lake mwenyewe. Mikono yake yeye ilikuwa wazi, na ilikuwa imeungua.

Bi Mize alipopata nafuu ya kifua akanishika mkono, twende hospitali kumwona yule askari. Njiani akaniambia taratibu, "Mjukuu wangu, miye naishi mtaa huu tangu hujazaliwa. Kifuniko nakijua kilipo. Nilipotolewa nilikuona umesimama wapi. Sitakusema kwa mtu. Utajisema mwenyewe."

Afadhali angenipiga.

Tulimkuta amefungwa bandeji mpaka viwikoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote, macho chini. Akaniuliza:

"Mmekifukua?"

"Bado."

"Basi huku umefuata nini? Nenda kafukue. Mimi nalishwa na mke wangu kama bwana harusi, sina shida."

Bi Mize akacheka. Mimi nililia. Jioni ileile nilivunja saruji, na mama akalihamisha jiko bila kuuliza mara mbili. Lakini vidole vya yule askari havikukunjika tena vizuri, na mpira hakuushika tena.

Sasa sikia. Mtu anayekwenda kwenye moto ambao wewe unaukimbia, usimzomee. Mpishe njia. Kama maji yamemwishia, kabla hujafungua kinywa tazama kwanza umesimama juu ya nini. Kama kuna unalolijua, liseme hata likikuumbua, kwa sababu ukimya wangu mimi ulilipwa na mikono ya mtu mwingine. Hiyo picha utaifuta leo. Na kesho asubuhi utachukua ufagio, twende kwa bibi yako tukakisafishe kile kifuniko, kama ninavyofanya kila nikienda, nawe hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Mungu akuepushe na moto, mwanangu. Ukikufika, akuletee mtu atakayeingia bila kukuuliza u nani. Na siku hiyo, aliyesimama juu ya kifuniko asiwe kama mama yako.