Mwenyekiti wa Oversight

Mzee Eliufoo wa Kirua Vunjo alikuwa na ng'ombe wawili na kihamba cha migomba na kahawa, na mpaka anafika miaka sitini na sita hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Ndipo shirika moja likaja kujenga tenki la maji, likataka wanakijiji waunde kamati ya kusimamia ujenzi. Wakamchagua yeye. Akapewa kizibao cha rangi ya chungwa, mgongoni kimeandikwa kwa Kiingereza "Oversight". Alikivaa hata kanisani.

Kila asubuhi alipeleka kiti cha plastiki penye ujenzi, akakaa. Fundi alimuuliza kama kweli tenki likae pale kwenye tambarare, chini kuliko nyumba za watu.

"Endeleeni," alisema. "Kamati inaona."

Tenki likajaa. Nyumba thelathini za juu zikafungua mabomba, yakatoa upepo. Watu ambao mababu zao walichimba mifereji mlima mzima wakakumbuka kwamba maji hayapandi.

Ripoti ya shirika ilipokuja, kwa Kiingereza, Eliufoo aliliona neno la kizibao chake ukurasa wa tatu. Akaenda Moshi mjini, ukurasa ukatiwa fremu, akautundika sebuleni. Mwalimu Theodora, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini, alipita kumsalimia, akausoma.

"Mzee Eliufoo, nani alikutafsiria?"

"Neno lenyewe si ninalivaa?"

"Lina maana mbili. Asili yake ni kutazama kutoka juu. Anayetazama kutoka juu huwa msimamizi. Lakini pia huwa aliyetazama juujuu, jambo likampita. Hapa wanasema kuweka tenki pale ni kosa la kutoangalia."

Eliufoo akauliza, "Ipi ilitangulia?"

"Usimamizi. Kosa lilikuja baadaye."

"Kama kwetu," alisema. "Sasa mimi nilichaguliwa kwa maana ipi?"

"Ulichaguliwa kwa ya kwanza. Ukatumikia ya pili."

Siku tatu hakutoka nje ya kihamba chake. Ya nne ilikuwa ya mkutano wa kijiji, akasimama. "Fundi aliniuliza, nami sikunyanyuka hata kwenye kiti. Kosa ni langu."

Mektrida, mjane wa nyumba ya juu kabisa, akasema, "Asante kwa kusema, baba. Lakini bomba langu bado linapuliza."

Wakataka kumwondoa. Ila Mwalimu Theodora alikuwa amekwisha kueleza maana zote mbili, na hakupatikana mwingine wa kukubali cheo hicho. Eliufoo akabaki.

Miezi miwili aliisumbua ofisi ya shirika kule mjini, mpaka wakakubali kujenga tenki dogo mlimani, juu kuliko nyumba zote. Kabla msingi haujachimbwa alimwaga pale ndoo ya maji, akayafuata kwa miguu mpaka mlangoni kwa Mektrida. Fundi alilalamika kwamba anacheleweshwa.

Mwezi wa kumi bomba la Mektrida lilitoa tope, kisha maji. Lile tenki kubwa la chini linanywesha ng'ombe wanaopita barabarani, na ripoti ya pili imelisifu kuwa ni mradi wa mifugo uliofanikiwa.