Sigara Saba za Majaribio

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya tumbaku, Mkurugenzi wa Ubora aliniuliza kama navuta sigara. Nikasema sijawahi. Akafurahi sana, akanionyesha mashine iliyokuwa ikivuta sigara ishirini kwa mpigo, huku karatasi maalumu ikinasa lami ya moshi tuipime. Nimekulia Tabora, katikati ya mashamba ya tumbaku, nikadhani nimeshaona yote. Kumbe bado.

Kanuni ya maabara, vijana wangu, ilikuwa kutunza vipisi vya sigara wiki nzima baada ya kipimo. Wenzangu, walioipuuza, walinitania kwamba nafuga takataka.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, maabara za nchi nne ziliungana. Wakulima walikuwa wanajaribu tanuri jipya la kukaushia majani kwa kuni chache, na kila maabara ililetewa katoni ya sigara zilizotokana na majani hayo, nyeupe, zisizo na chapa. Majibu yakifanana, tanuri linapita. Yasipofanana, wanarudi kukata miti kama zamani.

Majibu yetu yakatoka makali kuliko ya wote. Daktari, msimamizi wa utafiti, akaja mwenyewe kutoka Kampala kabla wiki haijaisha. Mkurugenzi wetu, mzaliwa wa Bujumbura na mwingi wa adabu, akamweleza kwa huzuni kwamba Madamu, ndiye mimi, amezeeka, macho yamechoka, huenda alichanganya sampuli, na barua ya kunipumzisha iko tayari. Mbele yangu! Nilikasirika.

Nikaleta vipisi vyangu na wembe, nikavipasua kimoja kimoja mezani. Saba vilikuwa na mkaa mweusi ndani ya kichungi. Jengo zima lilijua nani huvuta sigara kali za mkaa.

"Nilipochukua katoni pale stendi ya mabasi ya Nyabugogo nilionja kidogo," akasema Mkurugenzi, akiangalia viatu vyake. "Lakini nilirudishia zangu. Idadi iko sawa."

Daktari akamuuliza kwa upole zilikuwaje.

"Nyepesi mno. Mpaka ya saba ndiyo nikasikia kitu."

Daktari akaliandika hilo pia.

Katoni ya pili niliifuata Nyabugogo mwenyewe, nikaipakata njia nzima. Majibu yakafanana, tanuri likapita, nami nikastaafu kwa wakati wangu.

Watu huniuliza kama sioni haya kuitumikia tumbaku. Siku nyingine naona. Mwezi uliopita nilikutana na Mkurugenzi mtaani Gisimenti, naye mstaafu, anakohoa. Tukanywa chai, tukacheka sana, halafu akaweka kikombe chini.

"Madamu, siku ile ungekaa kimya, ningekuacha ufukuzwe."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nilileta wembe."