Stamata, jina lililokosa mrithi

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa, Stamata Zygouri anamwaga ngano iliyochemka juu ya shuka jeupe lililotandikwa mezani, kisha anaitawanya kwa viganja. Mvuke umejaa jikoni. Ngano ikibaki na maji itachacha, na kesho ni Jumamosi ya Wafu.

Ana sinia tisa za kuandaa. Koliva yake, ngano tamu inayopelekwa kanisani kuwaombea wafu, huchanganywa na zabibu kavu, jozi na mdalasini, halafu hufunikwa kwa sukari ya unga na kushindiliwa kwa karatasi mpaka iwe tambarare. Juu yake Bi Stamata hupanga punje za sukari zenye rangi ya fedha: msalaba katikati, na chini yake herufi za jina la marehemu. Ameifanya kazi hiyo miaka arobaini na mmoja hapa Platanorema, na hakuna maiti wa kijiji hiki ambaye herufi zake hazikupita vidoleni mwake.

Sinia tisa ni chache. Zamani alifikisha thelathini. Waliokuwa wakiagiza wengine wamehamia mjini, wengine sasa ndio wanaoagiziwa.

"Wafu hawajapungua," anasema bila kuinua macho. "Waliopungua ni wa kuwakumbuka."

Ana miaka sabini na mitatu, mjane, mfupi, na mikono yake ni mikubwa kuliko inavyompasa. Jina lake, tusidanganyane, ni jina ambalo msichana hakupewa kwa mapenzi. Limetoka kwenye neno letu la Kigiriki la kumwambia mtu asimame, akome. Wazazi waliopata mabinti mfululizo walimpa yule wa mwisho, kama mtu anayefunga bomba. Wengine walimpa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, ili kifo nacho kikome. Ilitegemea nyumba hiyo ilikuwa inalilia nini.

Nyumba ya marehemu Thymios, baba yake, ililia kwa wingi wa mabinti. Alikuwa nao wanne, na enzi hizo kila binti alikuwa na maana ya shamba la kumtolea ili aolewe. Alipozaliwa wa tano, Thymios hakuingia hata chumbani kumtazama. Alimtuma mkunga akamwambie padri jina.

Mwaka uliofuata akazaliwa mvulana. Aliishi siku kumi na tisa. Baada yake mama yao hakushika mimba tena.

"Baba alitaka mabinti wakome, wakakoma wote, na mvulana wake humo humo," anasema Bi Stamata. "Basi mkosaji nikawa mimi. Shangazi yangu alikuwa akinipita uani anatema mate pembeni, eti nisije nikamkomesha na kuku wake kutaga."

Shuleni wenzake walingoja aanze kukimbia ndipo wamwite jina. Hilo analicheka, japo kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Na bado lilikuwa jina la watu wengi. Katika milima hii kila familia hupeleka kanisani karatasi yenye safu mbili, walio hai upande mmoja na wafu upande wa pili. Huandikwa majina ya kwanza tu, bila ya ukoo, kwa kuwa Mungu anawajua watu wake. Padri huyasoma yote kwa sauti, na ukitaka kujua jina gani lina watu na lipi limeishiwa, nenda kasikilize. Padri Anestis aliniambia kwamba mwaka jana alisoma akina Stamata kumi na mmoja upande wa wafu. Upande wa walio hai alisoma mmoja, na mwandiko ulikuwa wa mwenye jina. Tangu apewe parokia hii, miaka ishirini na sita, hajambatiza hata mmoja.

Angeweza kumbatiza mmoja mwaka huu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na siku hiyo watu humwambia bibi huyo kwamba amefufuka. Bi Stamata ana mtoto mmoja tu, Lambros, fundi umeme huko Athene. Novemba iliyopita Danai, mke wa Lambros, alijifungua msichana. Zamu ilikuwa ya Stamata, wala hapakuwa na mwingine wa kuigombea.

Krismasi walikuja wote watatu, mtoto akiwa bado anaitwa Bebe kama ilivyo ada kabla ya ubatizo. Walipokuwa mezani Lambros akamuuliza mama yake kuhusu jina. Naye akajibu kwamba wasimbebeshe mtoto mzigo ule, umeshaliza watu wa kutosha. Alisema mara moja tu, kisha akangoja wamsihi. Lambros akamshukuru, akambusu kichwani, wakaendelea kula.

"Hata kahawa mtu hukataa kwanza," ananiambia. "Mwenye nyumba anakukaribisha, unasema hapana, anamimina. Mimi nilisema hapana, wakaondoa kikombe."

Namuuliza kama siku ile alikuwa anadanganya. Anasawazisha ngano.

"Nililichukia, sikatai. Lakini Lambros aliponishukuru, niliona kama amenizika."

Wiki tatu zilizopita Lambros alipiga simu na habari njema. Mtoto ataitwa Ourania, maana yake mbingu, jina la mama yake Danai. Ubatizo ni Jumapili ijayo. Tangu siku hiyo majirani wanamuuliza Bi Stamata lini watakuja kumpongeza kwa jina lake, naye anawadanganya kwamba tarehe haijapangwa. Bi Asimina wa nyumba ya pili ameshafuma soksi ndogo, na ubavuni ametia herufi ya S.

Leo ameamua kumwambia mwanawe ukweli, kwamba jina lile alilitaka. Saa tatu, ngano ikiwa imekauka nusu, ananawa mikono, anaifuta kwenye aproni, anabonyeza namba na kuiweka simu mezani kwa sauti ya juu, maana masikio yamechoka. Ananiomba nisiondoke, asije akakata simu kabla ya kusema.

Anapokea Danai. Lambros yuko kazini, simu ameisahau nyumbani. Sauti ya Danai ina furaha ya kweli, na hilo ndilo baya lenyewe. Visanduku vya lozi za sukari vya kuwagawia wageni wa ubatizo vimefika, anasema, mia moja na hamsini, jina limechapwa juu kwa buluu.

"Na mama yangu tangu tumwambie analia kwa furaha kila siku. Jinsi ulivyotuachia nafasi, mama, hatutasahau."

Bi Stamata anainamia simu. Mkono wake umeshika ncha ya shuka.

"Jina zuri, mwanangu," anasema. "Aishi nalo miaka mingi."

"Ulikuwa na neno na Lambros?"

"Nilitaka kujua nipande basi la saa ngapi."

Simu ikishakatika anarudi kwenye ngano. Mimi niliudhika, nakiri. Niliona ni woga, nikamwambia ampigie tena jioni Lambros akiwepo, muda bado upo, visanduku si Injili. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu asiyejua kupika.

"Yule mama naye ni mtu," akasema. "Ameshalia kwa furaha. Nikamnyang'anye?"

Kinachomtisha si Jumapili ijayo. Mwezi Machi daktari wa mjini alimwambia kwamba moyo wake umechoka na asinyanyue tena vitu vizito. Sufuria la ngano likijaa lina kilo ishirini. Akifa, jina lake litahamia safu ya pili ya karatasi, lakini kwa sharti kwamba yupo mtu wa kuliandika. Lambros haandiki karatasi. Mwaka juzi mama yake alipomwomba aipeleke moja kanisani huko Athene, alicheka, akasema hajui hata kanisa lao ni lipi. Bi Stamata alijaribu na kwa Padri Anestis, akamwomba siku hiyo ikifika alisome jina lake hata bila karatasi. Padri, mwenye miaka themanini na mmoja, akamuuliza kwa upole: na yeye padri atasomwa na nani?

Alasiri sinia ya tisa inakamilika. Anaifunika kwa karatasi nyembamba, anakaa, na sasa anaandika karatasi yake mwenyewe. Safu ya wafu ni ndefu: Thymios, Vasiliki mama yake, dada zake wanne, mumewe, na Fotis, yule wa siku kumi na tisa aliyebatizwa haraka haraka na mkunga. Safu ya walio hai haimalizi dakika. Lambros. Danai. Halafu "mtoto", kwa kuwa bado hajabatizwa. La mwisho ni lake.

Namuuliza anatumaini nini. Nilidhani atataja Mungu, kama tunavyofanya sote tukiulizwa hivyo.

Anasema kesho ndiyo mwisho wa koliva. Jumatatu atalitoa sufuria lile, yeyote atakayelitaka alichukue. Ataacha chumvi, ataacha kupanda ngazi za kanisani zaidi ya mara moja kwa wiki, vidonge atakunywa vyote hata vile vya kumtia kizunguzungu. Ninashangaa, maana mtu wa miaka arobaini na mmoja kazini haachi hivi hivi, na kijiji hakina mwingine wa kumpokea. Anasema amepiga hesabu, anahitaji miaka sita.

"Mtoto akitimiza sita anaingia shule, wanamfundisha kuandika. Mimi nitakuwa na sabini na tisa. Nitamkalisha hapa, nimpe kalamu, nimwambie Ourania mwanangu, andika jina la bibi yako, lina herufi saba tu. Tutaanza upande wa walio hai, azoee. Ule mwingine ataandika mwenyewe."