Patasi ya Fundi Haji

Mashine yangu ya kunolea haina kosa, na hilo nitalisema hata mbele ya kadhi. Nimeiunda mwenyewe uani kwetu Mji Mkongwe, kwa vipande vya chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, nilivyovitoboa na kuvisugua miezi minane.

Juzi nikamwomba jirani yangu Fundi Haji, mchonga milango, anipe patasi zake nijaribie mashine. Akanipa moja tu, ya marehemu baba yake. Nikaitazama nikacheka moyoni: makali yamepinda kama kucha! Nikasema haya ndiyo matokeo ya kunolea jiwe la mkono. Nikaisaga mpaka ikanyooka sawasawa.

Nikampelekea barazani, mafundi wenzake wote wapo.

“Shikamoo, fundi. Nshakunolea.”

“Marahaba.” Akaigeuza, akaigeuza tena. “Ule mpindo wake uko wapi?”

“Nimeuondoa. Ulikuwa umeharibika.”

“Baba aliupinda makusudi.”

Kazi zikasimama. Mimi sikurudi nyuma. “Lete rula upime! Imenyooka au haikunyooka?”

“Imenyooka,” akasema taratibu, akanionesha mlango uliolala mbele yetu, maua na majani matupu toka juu mpaka chini. “Haya, nioneshe pa kuitumia.”